Laini ya mtaani kwako inaupokea umeme wa sola yako? Namna ya kupima, hatua kwa hatua

Mzee mmoja wa Mtwapa alinipigia simu mwezi wa Januari, kaskazi imekolea na jua linachoma. "Fundi, hii sola ikifika saa tano inazima. Inakaa kidogo, inawaka, halafu inazima tena. Kwani nimeuziwa mbovu?" Nilipofika niliikuta inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani na kuingia kwenye laini, imewasha taa nyekundu. Baada ya muda ikaanza kuhesabu sekunde kwenye kioo chake: 300, 299, 298. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inasubiri laini itulie ndipo ijiunge nayo tena.

Wengi tunadhani kwamba ukishapata kibali na mita, kila yuniti isiyotumika nyumbani itapokelewa mtaani. Sivyo. Laini ina uwezo wake wa kupokea, na uwezo huo hubadilika kwa saa, kwa siku, na kwa idadi ya majirani wenye paneli. Ikishindwa, inveta yako huona volti zimepanda kupita kiasi na kujizuia yenyewe. Hakuna barua utakayoletewa. Usipopima, utaishi miaka ukidhani paneli zimechoka.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba na fundi wake. Mifano yangu ni ya Kenya, ambako laini ya fezi moja ni volti 240. Tanzania ni 230, kwa hiyo badilisha hesabu ipasavyo.

Kabla ya kupima chochote: mita na mkataba

Sheria ya Nishati ya 2019 ya Kenya iliruhusu mteja mwenye mtambo wake, usiozidi megawati 1, kuingia mkataba wa kurudisha umeme kwenye laini. Kanuni zake zilitoka 2024. Kwa kanuni hizo, kila yuniti unayorudisha unahesabiwa nusu yuniti. Ishike nusu hiyo kichwani, maana itakuja kuamua mambo mengi mwishoni.

Sasa nenda kwenye mita. Mita inayosoma pande mbili ina rejista mbili, na kwenye kioo huonekana kwa namba: 1.8.0 ni umeme ulioingia kwako, 2.8.0 ni umeme uliotoka. Andika zote mbili jua linapotua, siku saba mfululizo.

Nasisitiza hili kwa wenye mita za tokeni. Mita nyingi za kawaida hazijui mwelekeo. Umeme ukitoka, zinauhesabu kana kwamba umeingia, na tokeni zako zinaliwa wakati wewe ndiye unayetoa. Nyingine hudhani unachezea mita na kukata kabisa. Ikiwa huna mkataba na mita ya pande mbili, mwambie fundi aweke kikomo cha kurudisha kuwa sifuri kwenye inveta, leo hii, kabla hujasoma aya inayofuata.

Kuhusu usalama: kusoma namba kwenye kioo cha inveta, kwenye mita na kwenye simu ni kazi ya yeyote. Kufungua boksi la breka na kugusa vituo vya nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, basi.

Hatua ya 1: Jua inveta yako imefundishwa kukata kwa volti ngapi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kila inveta ina mpangilio wa nchi. Iliyotoka kiwandani ikiwa na mpangilio wa Kijerumani hukata pale wastani wa dakika 10 unapozidi volti 253. Kule ni sawa, kwa sababu laini yao ni 230, na 253 ni asilimia 10 juu yake. Ilete kwenye laini ya 240, na hiyo 253 inakuwa asilimia 5.4 tu juu ya kawaida. Imebakiwa na nusu ya nafasi, na laini haijafanya kosa lolote.

Australia, ambako mamilioni ya nyumba zina paneli, hawaanzi kwa kukata ghafla. Kwa kiwango chao cha 2020, inveta huanza kupunguza nguvu volti zikifika 253, na huteremka taratibu hadi asilimia 20 zikifika 260. Tofauti hiyo utaiona kwenye grafu yako: ya Kijerumani huacha mashimo, ya Kiaustralia huacha kilele kilichobonyea.

Mwulize fundi akuonyeshe mpangilio uliowekwa na uandike namba nne: volti za juu za kukata, volti za chini, masafa ya umeme (hezi) ya kukata, na sekunde za kusubiri kabla ya kurudi. Usikubali mtu apandishe volti za kukata hovyo ili "mambo yaende". Friji ya jirani ndiyo itakayobeba hizo volti.

Hatua ya 2: Wiki moja ya volti za msingi

Kampuni za umeme za Ulaya hupima ubora wa volti kwa wastani wa kila dakika 10 kwa wiki nzima. Hiyo ni namba 1,008. Huhitaji mashine ghali kufanya hivyo. Inveta nyingi za siku hizi huhifadhi volti na nguvu kila dakika 5, na programu yake ya simu hukuruhusu kupakua faili. Chukua wiki isiyo ya sikukuu, halafu tafuta volti za nyakati hizi nne:

Saa tisa usiku, wakati hakuna jua na watu wamelala. Saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unapika, unapiga pasi na kutazama televisheni. Saa sita mchana siku ya kazi. Na saa sita mchana Jumapili, wakati maduka na karakana zimefungwa.

Saa tisa usiku ndiyo inayosema ukweli kuhusu transfoma. Volti zikiwa juu saa hiyo, sola haihusiki, ya kwako wala ya jirani. Transfoma imewekwa juu tangu mwanzo, labda miaka mingi iliyopita ili nyumba ya mwisho wa laini ipate umeme wa kutosha jioni.

Usiamini inveta peke yake. Siku moja, mwambie fundi apime kwa malitimita nzuri kwenye kituo cha inveta wakati huohuo unaposoma kioo. Nimeziona zinazosoma volti 2 zaidi. Volti 2 kwenye kazi hii ni nyingi.

Hatua ya 3: Jaribio la ngazi

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu kwa nusu saa linakuambia kile ambacho mwezi wa kubahatisha hauwezi. Unatafuta jambo moja: ukirudisha kilowati 1, volti zinapanda kwa kiasi gani?

Chagua siku ya jua kali, saa tano hadi saa saba mchana. Zima vitu vikubwa nyumbani: pampu, kiyoyozi, hita ya maji. Mmoja asimame kwenye inveta, mwingine kwenye boksi kuu karibu na mita. Weka kikomo cha kurudisha kuwa sifuri, subiri dakika mbili, someni pamoja. Pandisha hadi kilowati 1, subirini, someni. Endelea hadi 2, hadi 3. Ukikaribia volti za kukata, acha. Rudia mara tatu kisha chukua wastani, maana jirani akiwasha mashine ya kuchomelea katikati ya jaribio, namba zitayumba.

Kwa yule mzee, inveta yake ni ya kilowati 4. Daftari langu la siku ile linasoma hivi:

| Kilowati zinazorudi | Volti kwenye inveta | Volti kwenye mita |
|---|---|---|
| 0 | 245.5 | 245.5 |
| 1 | 247.6 | 246.3 |
| 2 | 250.0 | 247.4 |
| 3 | 252.1 | 248.2 |

Kwenye inveta, kilowati 3 zimepandisha volti 6.6, yaani 2.2 kwa kila kilowati. Kwenye mita zimepandisha 2.7, yaani 0.9 kwa kilowati. Itazame hiyo tofauti. Volti 1.3 katika kila 2.2 zilikuwa zinapotelea kati ya inveta na mita, kwenye waya wa mzee mwenyewe. Zaidi ya nusu ya ugonjwa ilikuwa ndani ya ua wake.

Inveta ilikuwa imefungwa kwenye banda nyuma ya nyumba, mita 35 kutoka kwenye boksi, kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba. Waya huo una ukinzani wa takriban miliomu 4.6 kwa mita. Kwenda na kurudi ni mita 70, ambazo ni omu 0.32. Ampia 16 zikipita hapo, yaani inveta ya kilowati 4 ikitoa yote, volti 5 zinaongezeka kabla umeme haujaiona hata nguzo. Kwa waya wa milimita 10 za mraba ingekuwa volti 2.

Inveta isiyokuwa na kikomo cha kurekebishwa usiikatie tamaa. Iache ifanye kazi, kisha washa birika la kilowati 2 lililochomekwa karibu na boksi kuu. Umeme unaotoka utapungua kwa kilowati 2, na volti kwenye mita zitashuka. Gawanya kwa mbili. Njia hii hukupa kipimo cha mtaani peke yake, haigusi waya wako wa ndani, lakini mara nyingi ndicho unachokitaka.

Kuna dalili moja ambayo ukiiona, acha kupima na upige simu ya dharura ya kampuni ya umeme. Ukiwasha kitu kikubwa, volti zinapaswa kushuka. Zikipanda badala ya kushuka, au taa za chumba kimoja zikififia huku za kingine zikiwaka kupita kiasi, huenda nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imelegea mahali. Hiyo huunguza nyumba.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya nafasi iliyobaki

Chukua volti za kukata, toa volti za msingi (zile za saa hiyo ukiwa unarudisha sifuri), gawanya kwa volti kwa kilowati.

Siku ya kazi: 253 kutoa 245.5 ni 7.5. Gawanya kwa 2.2, unapata kilowati 3.4. Inveta ya kilowati 4 haiwezi kutoa yote.

Jumapili, msingi wake ulikuwa 248.5. Nafasi ni volti 4.5, sawa na kilowati 2. Nusu ya mtambo imelala, siku ambayo watoto na wajukuu wamekuja na mzee anataka kuwaonyesha sola yake.

Sasa badilisha waya uwe wa milimita 10. Kipimo kinashuka kutoka 2.2 hadi 1.4. Siku ya kazi nafasi inakuwa kilowati 5.4, inatosha na kubaki. Jumapili inakuwa 3.2. Bado kuna upungufu, lakini huo sasa ndio upungufu halisi wa laini, na unaweza kwenda nao kwa kampuni kichwa kikiwa juu.

Hatua ya 5: Kiasi gani cha ziada kilipokelewa?

Nafasi ni ya dakika moja. Unachotaka kujua ni siku nzima. Fomula ni rahisi: yuniti zilizorudi, gawanya kwa yuniti za ziada ambazo jua lilikupa.

Yuniti zilizorudi unazo, ni 2.8.0 ya leo kutoa ya jana. Za ziada ndizo zenye kazi, maana inveta haiandiki umeme ambao haikuuzalisha. Mimi hutumia asubuhi. Siku isiyo na mawingu, grafu ya paneli zinazotazama juu sawasawa ni kama kilima chenye pande mbili zinazolingana. Mombasa, kilele chake huwa kama saa sita na dakika 20, hakiwi saa sita kamili, kwa sababu saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki zaidi. Kisumu ni kama saa sita na dakika 40. Upande wa asubuhi, kabla volti hazijapanda, ni msafi. Ukunje juu ya upande wa mchana, kisha unganisha kilele kwa mkono. Karatasi ya grafu na penseli vinatosha. Paneli zinazotazama mashariki au magharibi hazifai kwa njia hii. Hapo linganisha na siku ya jua ambayo haikukatwa.

Tuseme jua lingekupa yuniti 17. Nyumbani mmetumia 5. Za ziada ni 12. Mita inasema zimetoka 9. Laini imepokea asilimia 75. Zile 3 zilizopotea zigawe kwa sababu, ukitazama grafu ya nguvu na ya volti zikiwa zimepangwa juu na chini:

Nguvu imeshuka huku volti zikiwa karibu na kikomo: hiyo ni laini kukataa. Nguvu na volti zote zimeenda sifuri: umeme umekatika mtaani. Nguvu ni sifuri lakini volti zimerudi: inveta inasubiri.

Huko kusubiri hudharauliwa sana. Umeme ukikatika, inveta lazima ijitenge ndani ya sekunde 2, ili mtu aliyepanda nguzoni asikutane na umeme wako kwenye waya anaodhani umekufa. Hilo halina mjadala. Lakini umeme ukirudi, inveta hungoja, nyingine sekunde 60, nyingine dakika 5. Mtaa unaokatikiwa mara nne kwa dakika moja moja mchana hupoteza dakika 24, na kati ya hizo 20 ni za kusubiri tu. Katika miji yetu mingi, hesabu hii ndiyo huzidi ya volti. Betri ndiyo dawa yake.

Kuna mambo mawili yasiyo ya laini ambayo watu huisingizia laini. La kwanza ni joto. Paneli hupoteza kama asilimia 0.35 hadi 0.4 kwa kila nyuzi 1 juu ya 25. Juu ya mabati ya pwani seli hufika nyuzi 60 bila shida, na hapo umeshapoteza asilimia 12 hadi 14. Paneli za kilowati 4 zikitoa 3.5 saa sita, hazijakataliwa na mtu. La pili ni inveta ndogo kuliko paneli. Grafu yake hulala bapa kwenye nguvu ileile kila siku, iwe volti zimepanda au zimeshuka.

Hatua ya 6: Amua kama inafaa kupigania

Rudi kwenye ile nusu. Tuseme kati ya zile 3 zilizopotea, yuniti 1.8 zilikataliwa kwa sababu ya volti. Zingepokelewa ungehesabiwa 0.9. Ukizitumia nyumbani, unaokoa 1.8 nzima. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua, hamisha pampu ya kisima iende saa tano, fua na upige pasi mchana, chemsha maji jua likiwa kali. Kila kilowati unayoitumia saa sita pia inashusha volti zako, na nyingine zinapata njia ya kutoka. Kwa maoni yangu, mtu anayerudisha zaidi ya nusu ya umeme wake wakati anapika kwa umeme wa kununua usiku, hajaanza bado kuitumia sola yake.

Ukishafanya hayo na bado laini inakataa, peleka ukurasa mmoja kwa kampuni: namba ya mita, namba ya transfoma iliyoandikwa nguzoni, jedwali la ngazi, volti za saa tisa usiku, na grafu ya siku moja. Usiandike "sola haifanyi kazi". Andika "saa tisa usiku volti ni kadhaa, bila sola". Mhandisi akisoma sentensi hiyo ataelewa mara moja.

Anachoweza kufanya ni pamoja na kushusha tepu ya transfoma, yaani ngazi ya kupandishia au kushushia volti zake. Tepu moja kwa kawaida ni asilimia 2.5, yaani volti 6 kwenye laini ya 240. Kwa kipimo cha 1.4, hiyo ni nafasi ya kilowati 4 zaidi bila kununua waya hata futi moja. Lakini kabla hujaiomba, nenda kwa nyumba ya mwisho kwenye laini hiyo na upime saa mbili usiku. Kule Mtwapa mwisho wa laini ni kwa mama mmoja mwenye cherehani ya umeme na friji ya samaki. Nilimwomba ruhusa nikapima jioni tatu. Jioni mbaya kuliko zote zilikuwa volti 232. Zikiondoka 6 atabaki na 226, na friji yake itaendelea. Ningekuta 215, nisingeomba tepu kabisa, ningeomba nyumba za mtaa zigawanywe upya kati ya fezi.

Tulianza na waya. Mzee alinung'unika bei ya shaba, akalipa. Tepu ilichukua wiki kadhaa na ziara tatu ofisini. Baada ya hapo nilirudia jaribio la ngazi Jumapili: msingi 242.6, kilowati 4 zote nje, volti kwenye inveta 248.3. Nilirudi baada ya miezi sita. Nyumba mbili za jirani zilikuwa zimeweka paneli, na msingi wa Jumapili ulikuwa umepanda hadi 244.1. Kipimo cha 1.4 hakikuwa kimesogea. Nimeandika tarehe ya kupima tena kwa kalamu ya rangi ubavuni mwa inveta, na mzee amenakili tarehe hiyo kwenye kalenda yake ya ukutani.